Gitaa la kupakata la mvule na mpingo: vanishi imegoma kukauka, nyuzi za pembeni zinakwaruza

Pwani_Sita (Mtwara Mjini)

Wakuu, salaam. Naomba msaada kabla kazi haijaharibika zaidi. Ni gitaa la kupakata, lile ambalo wengine huliita lapu stili au gitaa la Hawaii: linalazwa mapajani, nyuzi haziminywi kwa vidole, kuna chuma kinachotelezeshwa juu yake.

Kiwiliwili na shingo ni ubao mmoja wa mvule, urefu mm 820, unene mm 45, upana mm 190 kwenye kiwiliwili na mm 62 shingoni. Juu ya shingo kuna ubao wa mistari wa mpingo, unene mm 6; mistari ndiyo inayoonyesha mahali pa kuweka chuma. Kutoka daraja la kichwani hadi daraja la mkiani ni mm 570. La mkiani ni engo ya alumini. La kichwani ni lile la plastiki la gitaa la umeme la kawaida, limeinuliwa kwa kibao ili nyuzi zikae mm 10 juu ya ubao. Pikapu (kinasa sauti cha sumaku) ni hambaka moja, ile ya koili mbili, nyuzi ni seti ya 10–46, unene kwa elfu za inchi.

Shida ziko hivi. Vanishi ya mafuta imepakwa mikono mitatu, leo siku ya 12, mvule bado unanata, na mpingo ndio kabisa, kama umepakwa asali. Kichwani nilijaribu klia ya NC (vanishi angavu ya nitroselulosi) kwa spree, ikageuka nyeupe kama ukungu. Chuma kikilazwa juu ya nyuzi zote sita, uzi wa kwanza na wa sita zinakwaruza, za katikati ziko safi. Kuanzia mstari wa 7 kwenda juu sauti haikai hata chuma kikiwa juu ya mstari kabisa. Mistari ilipimwa kwa rula, mmoja baada ya mwingine. Nikikaza kwa mpangilio wa C6 (C E G A C E), nyuzi nene zinakuwa ngumu kupita kiasi. Halafu kuna mngurumo, ukishika nyuzi haubadiliki. Waya wa kutoka daraja la mkiani kwenda jeki nauchomea kwa risasi ya kulehemu, unabanduka kila mara.

Nianzie wapi? Na mafuta ya maganda ya korosho yanaweza kuchukua nafasi ya vanishi? Huku kwetu hayakosekani.

RandaNaPatasi (Lindi)

Mkuu, tuanze na vanishi, kwa sababu ukikosea hapo mengine yote utayafanya mara mbili.

Vanishi yako haina ubovu. Vanishi ya mafuta haikauki kama maji kwenye kanga iliyoanikwa. Inashikana na hewa polepole na kugeuka ngozi ngumu. Mvule na mpingo zina utomvu ndani yake unaozuia jambo hilo lisitokee. Mpingo ni mbaya zaidi, ndugu zake wa jamii ya Dalbergia wote wana tabia hiyo. Mtiki pia unasumbua. Ukisubiri mwezi mzima bado tabaka la chini, lile linalogusa mbao, litabaki laini. Usiongeze mkono wa nne. Usilianike juani ukidhani utaharakisha. Mpingo utapasuka, na ubao wa mvule utapinda kwa sababu upande mmoja umezibwa na mwingine uko wazi.

Itoe yote. Msasa hautakusaidia, utaziba dakika ya kwanza. Tumia skrepa ya chuma, au kipande cha kioo kilichokatika vizuri, ukikokota kufuata nyuzi za mbao. Ikishaondoka, pangusa kwa kitambaa cheupe chenye thina ya NC, badilisha kitambaa, pangusa tena, mpaka kitambaa kitoke bila kunata. Sehemu ya kuungana kwa mpingo na mvule ichokonoe kwa kijiti, mabaki hujificha pale. Liache usiku mmoja mahali penye upepo.

Baada ya hapo zipo njia mbili.

Ya kwanza ni kuweka ukuta wa shelaki. Gramu 100 za magamba kwa nusu lita ya spiriti mpya, tikisa kila baada ya muda, kesho yake chuja kwa kitambaa. Iache itulie siku kadhaa, nta itashuka chini; mimina ile safi ya juu tu. Paka mikono miwili au mitatu myepesi kwa pamba iliyofungwa ndani ya kitambaa cha pamba, saa moja kati ya mkono na mkono. Shelaki inakauka kwa spiriti kuruka, utomvu wa mbao hauiwezi, na juu yake vanishi ya mafuta itakauka kama kawaida. Pima shelaki kwanza kwenye kioo: tone likiwa bado linaingia ukucha kesho yake, hiyo ni ya zamani, itupe. Shelaki iliyokwisha kuyeyushwa haipiti miezi sita hivi.

Ya pili ni kuachana na vanishi ya mafuta na kufanya kazi yote kwa NC. Nayo hukauka kwa thina kuruka, kwa hiyo mvule hauna la kuifanya. Mimi ningekwenda na hii, ila ukungu wako wa kichwani lazima tuutatue kwanza.

Ule weupe ni maji. Thina inaporuka inapoza uso wa rangi, hewa yetu ya pwani imejaa unyevu, umande unatua juu ya klia ambayo bado mbichi na kufungiwa ndani. Ukipiga saa 12 asubuhi, au jioni upepo wa bahari ukishaanza kuleta ubaridi, au katikati ya masika, utaupata kila mara. Piga kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, siku kavu, na miezi ya kusi ni bora kuliko ya mvua. Ongeza thina ya kuchelewesha kukauka, wauza rangi za magari huiita ritada, asilimia 5 hadi 10 ya mchanganyiko. Mwaga maji kwenye tangi la kompresa kabla ya kuanza. Huku linajaa upesi.

Hiyo sehemu iliyokwisha kuwa nyeupe usiikwangue. Ipulizie ritada peke yake, ukungu mwembamba sana, klia italainika, maji yatatoka, na weupe utaondoka mbele ya macho yako. Usipoondoka mara ya kwanza, subiri nusu saa urudie.

Jambo moja la kushika: NC isipigwe juu ya vanishi ya mafuta ambayo haijakomaa. Thina yake inaichemsha ya chini na kazi yote inakunjamana kama ngozi ya maziwa. Kwa hiyo kusafisha ni kusafisha kweli.

Dada_Nyuzi (Mikindani)

Habari kaka. Fundi hapo juu amemaliza ya vanishi, mimi nichukue nyuzi na mistari.

Kukwaruza kwa uzi wa 1 na wa 6 kunatokana na daraja la kichwani. Lile la gitaa la kawaida lina mgongo, limechongwa kufuata shingo ya mviringo. Kwa mgongo wa nusu kipenyo cha mm 305, ambao ni wa kawaida sana, nyuzi zikitandaa mm 45, zile za katikati zinakaa karibu mm 0.8 juu ya za pembeni. Kidole hakijali hilo. Chuma kilichonyooka kinalalia za katikati na kuzigusa za pembeni nusunusu, ndiyo maana zinakwaruza. Usijaribu kukandamiza kwa nguvu, utapandisha sauti na kuumiza mkono.

Toa hilo la plastiki. Kata engo ya alumini ya mm 25 kwa 25 yenye unene wa mm 3, urefu mm 62, kutoka kwa mafundi wa madirisha. Vipande vya kutupa vinatosha. Sugua ukingo wa juu kwenye msasa namba 240 uliolazwa juu ya kioo mpaka uwe umenyooka kabisa, kisha 400, kisha 800. Chora alama sita, nafasi ya mm 9 kati ya uzi na uzi, jumla mm 45. Kwenye daraja la mkiani weka mm 10, jumla mm 50, ili nyuzi zipite sawasawa juu ya sumaku za pikapu. Vijifereji vya kushika nyuzi viwe vifupi tu, robo ya milimita inatosha, vyote kina kimoja. Ukingo wa fereji upande wa ubao uwe mkali, upande wa funguo uteremke. Ukiteremka upande wa ubao uzi utalia kama zeze.

Wapo watakaokwambia uchimbe fereji za nyuzi nene ndani zaidi ili vilele vyote viwe usawa mmoja. Haina haja. Kwenye seti ya C6 unene unapanda kutoka mm 0.38 hadi 0.91 karibu kwa hatua zilizolingana, kwa hiyo vilele vinaunda mstari ulionyooka wenye mwinamo wa nusu milimita, na mkono unaufuata wenyewe bila kujua.

Sasa mistari. Ukipima mmoja kutoka kwa mwingine, kosa la nusu milimita linabebwa na linalofuata; ukifika wa 12 unaweza kuwa umepotea milimita kadhaa. Karibu na mstari wa 12, milimita moja ni kama senti 6 za sauti, na nusu sauti nzima ni senti 100. Kwenye wa 24 milimita hiyohiyo ni senti 12. Sikio linasikia. Pima zote kutoka ukingo wa daraja la kichwani, rula ya chuma isisogezwe mpaka umalize.

Kwa mm 570 ni hivi: wa kwanza 32.0, wa pili 62.2, wa tatu 90.7, wa nne 117.6, wa tano 143.0, wa sita 166.9, wa saba 189.6, wa nane 210.9, wa tisa 231.1, wa kumi 250.1, wa kumi na moja 268.1, wa kumi na mbili 285.0. Kuanzia wa 13 chukua nusu ya kipimo cha mstari ulio chini yake kwa 12 uongeze 285. Wa 13 ni 301.0, wa 19 ni 379.8, wa 24 ni 427.5. Kanuni yake ni kugawa urefu uliobaki kwa 17.817 kila mara, ukitaka kubadilisha urefu wa uzi siku nyingine.

Ukishafunga nyuzi, gusa uzi kwa ubavu wa kidole juu ya mstari wa 12 bila kuukandamiza, piga, achia: itatoka sauti nyembamba kama kengele. Mahali inapotoka safi kabisa ndiyo nusu halisi ya uzi. Isipolingana na mstari, sogeza daraja la mkiani. Ukilisogeza mm 2, nusu ya uzi inasogea mm 1. Daraja lenyewe likae sambamba na la kichwani, halihitaji kulazwa mshazari kama kwenye gitaa la kawaida, kwa kuwa huku uzi hauminywi na haunyooki.

Na kumbuka nyuzi ziko mm 10 juu ya mistari. Ukitazama ukiwa umeegemea nyuma, jicho linakudanganya milimita mbili tatu. Kichwa kiwe juu ya chuma.

FundiUmeme_Masasi

Risasi ya kulehemu haishiki kwenye alumini, hata ukiongeza moto. Ndiyo maana waya unabanduka na daraja halijaungana na kitu. Chukua kichwa cha waya chenye tundu, kile cha mviringo cha mafundi magari, kibane chini ya skrubu ya daraja pamoja na washa yenye meno. Kwaruza alumini pale chini kwanza, ina ngozi isiyopitisha umeme vizuri. Upande wa pili lehemu kwenye mgongo wa poti ya sauti, ile ya kuzungusha kuongeza au kupunguza sauti. Ukigusa nyuzi mngurumo utashuka.

Hambaka iende na poti ya kilo-ohmu 500. 250 itaifunika sauti. Kapasita ya toni mikrofaradi 0.022. Shimo la umeme lipambe kwa karatasi ya shaba yenye gundi. Ukitumia karatasi ya alumini ya jikoni, nayo ibane kwa skrubu na washa, usihangaike na risasi. Inveta za sola na taa za bei rahisi zina kelele zake, jaribu gitaa mbali nazo kabla ya kufungua tena.

Pwani_Sita

Asanteni sana wakuu, dada ubarikiwe kwa vipimo. Vanishi imeshatoka, skrepa ilifanya kazi, ila kwenye mvule kuna mahali ilikatika meno, kama imegonga jiwe. Maswali matatu yamebaki: ubao wa mpingo nao upigwe NC? La korosho halijajibiwa. Na gitaa la pili nikilifanya lote kwa mpingo, sauti haitakuwa bora zaidi?

Mpingo_Mweusi (Nachingwea)

Ndugu, hilo ni jiwe kweli. Mvule hutunga chokaa ngumu ndani ya mbao, madoa meupe au ya kijivu. Ukiliona lichimbue kwa ncha ya patasi ya zamani kabla ya randa kufika, kisha ziba kwa vumbi la mvule na epoksi.

Gitaa zima la mpingo nakushauri usifanye. Ubao wa vipimo vyako kabla ya kuchongwa ni lita 7 za mbao. Kwa mninga hiyo ni kilo 4 na kitu. Mpingo unazidi kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, utapata kilo 8 na nusu mapajani. Halafu tafuta mpingo uliokauka wenye upana wa mm 190 usio na ufa: magogo yake ni membamba, moyo una mashimo, na hukauka kwa miaka. Wachongaji wa Kimakonde wanaufuata ulivyo na kuutoa umbo lake; ubao mpana ulionyooka ni kitu kingine. Mpingo uweke pale unapofanya kazi vizuri zaidi, yaani ubao wa mistari.

Kwa kiwiliwili mimi nachukua mninga mbele ya mvule, na hapa sikubaliani na wanaosema mbao yoyote ngumu inatosha. Mninga ukishakauka hautembei, masika na kiangazi uko palepale, na randa inapita bila mawe. Nyuzi sita za C6 kwa urefu huu zinavuta kati ya kilo 65 na 70 kwa pamoja, na gitaa hili halina chuma ndani ya shingo. Unene wa mm 45 unaubeba mzigo huo kama ubao ni mkavu. Ukiwa mbichi, shingo inainama mbele kabla miezi miwili haijaisha na mistari yote inakosa maana. Mtiki wa Rondo nao ni mzuri, ila unakula makali ya vifaa. Mkongo ni mzito lakini imara.

Namna ya kujua umekauka: pima ubao kwa mizani kila wiki, siku ileile, uandike. Ukikaa wiki tatu bila kubadilika, kata. Kata kwa ukubwa wa ziada wa mm 5 kila upande, acha wiki mbili nyingine ndipo uchonge kipimo cha mwisho. Na nunua kwa muuzaji mwenye risiti na TP (kibali cha kusafirisha mazao ya misitu) ya TFS, wakala wa misitu. Ubao usio na karatasi utakuletea shida kwenye kizuizi cha barabarani. Mpingo uko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini) tangu 2017 pamoja na karibu jamii yote ya Dalbergia. Ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa kwenye masharti hayo mwishoni mwa 2019, mbao ghafi hazikuondolewa. Mteja wa nje akitaka ubao mtupu, hiyo ni safari nyingine.

Ubao wako wa mpingo usiupige kitu. Klarineti na obo hutengenezwa kwa mbao hiihii na hazipigwi vanishi. Huchongwa, hung'arishwa na kupakwa mafuta kidogo. Anza msasa 240, 400, 800, 1500, kisha nta ya nyuki kwa kitambaa. Utang'aa kama kioo cheusi. NC juu ya mpingo huanza kubanduka pembeni ya mistari.

Mistari yenyewe: kata fereji za kina cha mm 2 kwa msumeno mwembamba, ukiongozwa na skwea. Kabla ya kujaza rangi nyeupe, paka shelaki mkono mmoja uingie ndani ya fereji. Vumbi la mpingo ni jeusi na lina mafuta, ukisugua juu ya kijazo cheupe bila shelaki kinageuka kijivu na hakisafishiki tena. Jaza epoksi iliyochanganywa na unga wa chokaa mweupe, acha saa 24, kisha kwangua kwa skrepa. Msasa uje mwishoni kabisa.

Kama ubao umeanza kuachia shingo, gundi ya maji ndiyo iliyokuangusha. Kwaruza nyuso zote mbili kwa msasa 80, pangusa mpingo kwa asetoni au thina, na ndani ya robo saa uwe umeshapaka epoksi. Ukichelewa mafuta yanapanda tena juu. Klampu zisikazwe mpaka gundi yote itoke. Epoksi inataka ibaki nyembamba ndani.

Skrubu kwenye mpingo bila kutoboa kwanza ni kupasua. Kwa skrubu ya mm 3.5 toboa mm 2.8, paka sabuni ya mche. Ukitaka za shaba, pitisha kwanza ya chuma ya ukubwa uleule, itoe, ndipo uingize ya shaba. Shaba ikilazimishwa inakatika shingo na kichwa kinabaki mkononi mwako.

La korosho. Mafuta ghafi ya maganda yanaunguza ngozi, kila mbanguaji anajua mikono inavyobabuka. Yana asidi inayotoka kwa kuchemshwa kwenye joto kubwa, na hata yakishachemshwa bado yanaweza kumdhuru mwenye ngozi nyepesi. Yakipakwa ghafi hukaa wiki nyingi yakinata na hubaki meusi. Kwa nguzo ya uzio inayoliwa na mchwa, sawa. Kwa kitu kinachokaa mapajani na kushikwa kwa saa nyingi, hapana. Nayasema haya kwa uzito kwa sababu wapo wanaoona ni dawa ya bure.

Na vumbi: mpingo na mvule vinawasha macho na kifua. Barakoa tangu msuguo wa kwanza wa msasa, na fagia kwa kitambaa chenye maji, usipulize.

RandaNaPatasi (Lindi)

Kuhusu mninga nakubaliana na fundi wa Nachingwea, ila mvule ukishakuwa umekauka na umekwisha kuchongwa hauna sababu ya kutupwa. Maliza hilo.

Ratiba ya NC kwa gitaa moja. Vifaa: sanding sila (ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya klia) nusu lita, klia lita 1, thina lita 2, ritada robo lita. Ubao wa mpingo uzibe kwa gundi ya karatasi na gazeti. Mvule una vinyweleo vikubwa, usipovijaza utaona vitobo kwenye mwanga hata baada ya mikono kumi. Paka sila kwa brashi, na ikiwa bado mbichi sugua kwa msasa 320 kwa mzunguko. Vumbi na sila vinakuwa uji unaoingia vinyweleoni. Acha ikauke saa 4, sugua kavu mpaka uso uwe sawa, rudia mara mbili.

Halafu klia, moja kwa moja na thina, kipimo sawa kwa sawa. Hadi mikono mitatu kwa siku, saa mbili kati yake, siku mbili au tatu, jumla sita hadi nane. Kila mkono uwe mwembamba. Wanaopiga mkono mmoja mzito ili wamalize mapema wanapata mapovu na machozi pembeni. Pembe za kiwiliwili zizungushe kidogo, mm 2 hivi, kabla ya kupaka. Kwenye pembe kali klia inakimbia na msasa utafika kwenye mbao.

Sasa acha. Wiki nne, limening'inizwa, lisilazwe juu ya kitu. Hapa ndipo gitaa la kupakata linapotofautiana na fanicha. Mgongo wake unakaa juu ya suruali au kanga, na joto la mapaja linapanda. Klia ambayo haijakomaa itachukua alama ya kitambaa, ile misuko yote utaiona imechapwa. Kipimo ni pua: ukiliweka karibu na uso na bado linanuka thina, halijakomaa.

Ikishakomaa, msasa wa maji 800, 1000, 1500, 2000, maji yenye sabuni kidogo, msasa ukiwa umezungushiwa kibao cha kizibo au raba. Malizia kwa kompaundi ya mafundi rangi za magari na kitambaa laini. Matundu ya skrubu na shimo la pikapu yasiingie maji. Mvule ukivimba pale klia inapasuka kuzunguka tundu.

Usipige karibu na jiko linalowaka, hewa ya thina inashika moto kutoka mbali.

Pwani_Sita

Nimeelewa wakuu. Dada, lile la nyuzi, na chuma cha mkononi. Kilichopo ni kipande cha nondo kilichosuguliwa.

Dada_Nyuzi (Mikindani)

Nondo iache kaka. Hata ukisugua mbavu zake zote haiwi mviringo kamili, na chumvi ya huku inaishika kutu ambayo inakwaruza nyuzi. Nenda kwa fundi mwenye mashine ya kukereza, aombwe shafti ya chuma kisichoshika kutu, kipenyo mm 20, urefu mm 80. Itakuwa na uzito wa gramu 200 hivi, inatosha kwa nyuzi sita. Ncha moja akereze duara kama risasi ya bunduki, ya pili aikate wima na kutoboa kishimo kidogo cha kidole gumba. Isugue msasa 400 hadi 2000 ikiwa bado inazunguka kwenye mashine, kisha dawa ya kung'arishia. Ukipitisha ukucha na ukasikia mstari wowote, nyuzi zitausikia pia.

Seti ya 10–46 haifai C6. Kuanzia uzi mnene kwenda mwembamba C6 ni C E G A C E, na uzi wa 46 ulitengenezwa kukaa E ya chini. Kuupandisha hadi C ya juu yake ni nusu sauti nane. Utakatika au utavunja funguo. Kwa mm 570 agiza moja moja: 015, 018, 022, 026, 030, 036, nne za mwisho ziwe za kusokotwa. Usipozipata, chukua seti nene ya 12–52 ukaze E B E G# B E, au 13–56 kwa D A D F# A D. Urefu wa mm 570 ni mfupi kuliko gitaa la kawaida la mm 648, nyuzi nyembamba juu yake zinalegea na chuma kinazama hadi kugonga ubao.

Nyimbo za taarabu zinazotaka sauti iliyo kati ya mstari na mstari utazipata humu bila taabu, gitaa hili halina kizuizi kama vile udi usivyo nacho. Kwa ajili ya mazoezi hayo chora nukta ndogo ubavuni mwa ubao, katikati ya mstari wa 3 na wa 4, na katikati ya wa 10 na wa 11. Ukishamaliza kupiga, pangusa nyuzi na daraja kwa kitambaa kikavu, maana alumini ikikaa na jasho na upepo wa bahari inaota unga mweupe kwenye fereji, na uzi unakatikia palepale.